Rozari ya Ghislaine na Mahindi ya Léo-Paul

Kwa Normand Thivierge, ubaya wote wa dunia hii ulianzia ofisini. Bei ya siagi, goti lake la kushoto, timu yake ya hoki kufungwa kila msimu: ukifuatilia vizuri utamkuta mtu kakaa kwenye kiti cha kuzunguka, katia saini, kaenda kula. Kwa hiyo siku ile, ndani ya treni ya kutoka Montréal kwenda Québec, mkewe Ghislaine alipomwomba leso ajipanguse jasho, naye akaichomoa mfukoni, na ile rozari ikatoka pamoja nayo ikadondoka pwa! juu ya sandwichi ya mayai, jambo la kwanza alilofikiria lilikuwa ni mkubwa gani wa kumtupia lawama.

Ghislaine aliitazama rozari. Ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, shanga za mti mweusi, msalaba umekatika mkono mmoja.

"Normand."

"Nakusikia."

"Hiyo ni nini?"

"Mayai."

"Normand!"

"Na rozari kidogo."

Sasa, watu wa kule Québec waliacha mengi. Waliacha misa, wakaacha kuungama, Kwaresima wanakula nyama kama kawaida. Lakini arusi ikiwa kesho, rozari inatundikwa leo kwenye kamba ya kuanikia nguo, nje, juu yake pawe mbingu tu, ili mvua isinyeshe. Hilo hawakuliacha. Utamkuta mtu hajui tena kusali Salamu Maria mpaka mwisho, lakini kwenye kamba yake rozari inaning'inia katikati ya suruali mbili.

Na kesho yake ndiyo ilikuwa arusi ya Maude, binti yao wa pekee. Arusi ya uwanjani, kwenye majani, kisiwani Orléans, mbele ya mto. Mama wa bwana arusi, Madamu Solange Lachevrotière, alitaka liwekwe hema kubwa jeupe. Ghislaine alimkatalia mbele ya ukumbi mzima wa ndugu: "Rudisha hema lako, Madamu. Ukoo wetu hatujawahi kunyeshewa." Hema likarudishwa. Redio tangu asubuhi inasema mvua. Kama kweli ingenyesha, Maude angefunga ndoa kalowa kama mwanasesere wa kuogea, na Ghislaine angelisikia hilo hema kila Krismasi mpaka azikwe.

Katika arusi yote hiyo Normand alipewa kazi moja tu. Kutundika rozari.

"Si kosa langu," akasema. "Wamekata nguzo."

"Nani kakata nguzo?"

"Wale wa fulana za rangi ya machungwa. Wamekuja juzi uchochoroni, wakaitikisa nguzo yetu ya kamba, wakatikisa vichwa, wakaikata. Nikawauliza, mmetumwa na nani? Na ofisi. Ofisi gani? Hawajui! Nguzo imesimama tangu enzi za marehemu baba, imebeba mashuka ya mtaa mzima, anakuja mtu na msumeno wa..."

"Sikuulizi nguzo, mzee. Nakuuliza bibi yangu anafanya nini kwenye mayai."

"Nilitaka nikaitundike kwa jirani. Nikaitia mfukoni. Halafu teksi ikapiga honi, na wewe ukapiga kelele kuliko honi."

Ghislaine aliipangusa rozari shanga kwa shanga. Nywele zake alizifunga vibiringishi vya rangi ya waridi kichwa kizima, ili kesho ziwe na mawimbi, na kila alipotikisa kichwa vikagongana.

"Tutaitundika tukifika," Normand akajaribu.

"Wapi? Hotelini, kwenye mswaki wako? Au niende kwa Solange? Nibishe hodi, nimwambie, shoga yangu, niazime kamba, mume wangu kasahau? Heri ninyeshewe mvua ya mawe! Na jua likizama haijatundikwa, basi tena. Toa viatu."

"Nini?"

"Kamba za viatu. Lete."

Akazifunga pamoja, akazipitisha kutoka kishikizo cha mizigo cha upande huu hadi cha upande ule, juu ya njia ya watu, akaitundika rozari katikati. Abiria waliokuwa wanapita wakainama. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Mmoja aliuliza tu, "Kesho saa ngapi?" akaambiwa mchana, akasema hongera.

Lakini ng'ambo ya njia alikaa bwana mmoja wa ndevu, Castonguay, mwalimu mstaafu wa falsafa. Huyu alikunja gazeti lake polepole.

"Mama, niwieni radhi. Mimi Mungu simwamini, hata chembe. Lakini ndani haifanyi kazi."

"Dirisha si hilo?" Ghislaine akasema. "Mbingu si ile?"

"Kupitia kioo? Dada yangu aliitundika kwenye kibaraza cha vioo. Keki ililiwa kwa kijiko cha supu."

Behewa likagawanyika. Mama mmoja nyuma akasema kioo si kitu, imani ndiyo kitu. Mwenzake akamwambia imani yako ndiyo ilimnyeshea binti yako Jocelyne siku ya arusi yake. Normand akaona hapa kuna nafasi ya kusema lake, akasimama na viatu vinavyopwaya, akasema kwamba zamani madirisha ya treni yalifunguka, ungetoa mkono ukatundika unachotaka, ila wakubwa walikaa mkutano wakayaziba ili wauze hewa baridi, na sasa hiyo hewa baridi yenyewe iko wapi? Hapo wote wakawa kitu kimoja, maana mashine ya hewa ilikuwa imekufa tangu kituo cha Drummondville na behewa lilinuka kama kikapu cha nguo chafu.

Treni ikapunguza mwendo. Ikasimama. Nje ni mahindi tu.

Kondakta, dada mmoja aitwaye Annick, akapita akijipepea na kofia. "Tunaipisha treni ya mizigo, ndugu abiria. Tutasubiri kidogo."

"Mizigo gani?" Normand akauliza.

"Sijui, bwana. Viazi labda."

"Mnasikia? Viazi kwanza, binadamu baadaye! Kalisi ya misa!"

"Usiapie vyombo vya kanisani mbele ya rozari!" Ghislaine akamkemea.

Annick naye alikuwa binadamu. Akawaonea huruma, akaufungua mlango wa behewa upepo uingie. Normand na Ghislaine wakaenda kusimama pale mlangoni. Mbele yao palikuwa na reli ya pili, tupu, halafu uzio wa waya, halafu shamba la mahindi lililonyauka, na mwisho wa shamba nyumba nyeupe. Ubavuni mwa nyumba, kutoka kibarazani hadi kwenye mlingoti mrefu, kamba ya nguo. Haina hata kitambaa.

"Kamba," Ghislaine akasema, kwa sauti ndogo ambayo Normand hakuwahi kuisikia tangu mtoto alipozaliwa.

"Hairuhusiwi kushuka. Wameandika pale."

"Tangu lini wewe unatii maandishi?"

Hilo lilimchoma. Akarudi, akaiangua rozari, akashuka. Alivuka reli ya pili mbio, viatu vikipiga kelele bila kamba, kimoja kikabaki kwenye kokoto, naye hakugeuka. Annick akapiga ukelele: "Bwana! Bwana! Ni marufuku!" Ghislaine akamwambia, "Ngoja nimrudishe, mwanangu, huyu hajielewi," akashuka yeye pia, akakiokota kile kiatu, akamfuata, vibiringishi vikigongana kama karanga kwenye kopo.

Kibarazani alikaa mzee aliyevaa ovaroli, kijiti cha kiberiti mdomoni. Jina lake Léo-Paul Houle. Alimtazama Normand akija akichechemea kati ya mahindi.

"Kama umetoka serikalini," akasema, "nina mbwa mkali."

"Mbwa yuko wapi?"

"Nitaazima."

Normand alimpenda papo hapo. "Mimi? Serikalini? Mzee wangu, mimi wamenikatia nguzo!"

"Wakakukatia nguzo," Léo-Paul akasema, akatikisa kichwa. "Mimi wamenipitishia treni mbele ya nyumba, halafu wakasema iko mbali na kituo."

Wangeweza kukaa hapo mpaka usiku wakiwataja wakubwa mmoja mmoja. Lakini Normand akainua rozari, akaeleza shida yake, na uso wa Léo-Paul ukafunga kama duka.

"Mvua isinyeshe?"

"Kesho tu."

"Unayaona mahindi yale? Yamejikunja kama sigara. Nimeomba mvua mpaka ulimi umekauka. Nimewaandikia wa kilimo, wameniletea karatasi yenye picha ya wingu. Leo kwa mara ya kwanza redio inasema mvua, unakuja wewe na kiatu kimoja, unaniambia tuizuie?"

Ghislaine akafika akihema. "Bonjour, bwana. Mvua itazuiwa kule kwenye arusi. Hapa kwako hapahusiki."

"Inazuia palipo na kamba, mama."

"Inazuia palipo na bibi arusi!"

"Marehemu mke wangu aliitundika hapo hapo, binti yetu akiolewa Trois-Rivières. Kule jua, hapa jua. Bustani ya nyanya ilikufa yote. Usinifundishe rozari."

Hapo nyuma yao pakalia honi, ardhi ikatetemeka. Treni ya mizigo iliingia kati yao na behewa lao, mabehewa ya chuma ya rangi ya kutu, moja baada ya jingine, hayana mwisho. Treni yao haikuonekana tena. Normand akaanza kuhesabu. Mabegi yako kule. Gauni la Ghislaine la kesho liko kule. Na ikimaliza kupita, nani kasema ile nyingine itawangoja?

"Tumeachwa," akasema. "Tutaozesha kwa simu."

"Nyamaza." Ghislaine alikuwa anaitazama ile kamba. Kisha akamgeukia Léo-Paul. "Siku ya jua kama hii, bwana, mbona hukuanika kitu?"

Mzee akakihamisha kijiti cha kiberiti upande wa pili wa mdomo. "Tangu mke wangu Pierrette aondoke naanika jikoni. Juu ya jiko."

"Hata soksi?"

"Soksi hasa."

"Zitanuka supu."

"Zinanuka. Kanisani watu wananiuliza leo umepika nini."

Ghislaine akampiga mumewe kiwiko. "Umesikia? Na huyu wangu nikifa atazianika kwenye balbu."

"Ukifa sitavaa soksi," Normand akasema.

"Hujavaa hata sasa! Tazama! Moja umeiacha Montréal!"

Ilikuwa kweli. Mguu mmoja una soksi, mwingine mtupu. Normand akasema mguu wa kulia una joto lake. Ghislaine akasema mguu wa kulia una ujinga wake, kama kichwa. Wakaendelea hivyo, yeye huku, yeye kule, treni ikinguruma, na ilichukua muda wao kugundua kwamba Léo-Paul anacheka. Alicheka vibaya, kama mtu aliyesahau inavyofanywa, akashika nguzo ya kibaraza.

Alipomaliza alijipangusa macho.

"Sikilizeni. Ninao ng'ombe watatu. Kesho jioni nikienda kukamua, naitoa rozari kwenye kamba. Mpaka hapo jua lenu. Baada ya hapo mvua yangu."

"Unakamua saa ngapi?" Ghislaine akauliza.

"Ng'ombe wakiniita."

"Huita mapema?"

"Wakinyimwa majani mabichi huwahi kidogo. Na majani mabichi hakuna, mama, hakuna mvua."

Ghislaine akatema mate kiganjani, wakashikana mikono. Gurudumu la kamba lilikuwa limeota kutu halizunguki. Normand alilitingisha, akalitukana kwa kalisi na tabernakulo vyote, safari hii hakukemewa. Likalia kama nguruwe, likazunguka. Rozari ya bibi ikatoka taratibu, ikaenda mpaka katikati ya kamba, peke yake mbele ya mbingu, na mkono wake mmoja.

"Mtaifuata mkipata nafasi," Léo-Paul akasema. "Mimi nipo. Niende wapi?"

Behewa la mwisho la mizigo likapita. Treni yao ilikuwepo. Mlangoni alikaa Castonguay, miguu nje, gazeti wazi, mlango hauwezi kufungwa. Annick kasimama juu yake ameshika kichwa.

"Mwondoeni huyu! Atanifukuzisha kazi!"

"Nilikwambia, binti, Mungu hayupo," Castonguay akajibu. "Lakini mama yule hapandi mpaka itundikwe."

Walipopandishwa behewa zima lilipiga makofi. Hata yule mama wa imani.

Kesho yake kisiwani, kulikuwa na wingu. Si wingu, dari. Jeusi, limeshuka mpaka juu ya mto, wageni wote wamekaa kwenye viti vya kukunja wakilitazama kwa jicho la pembeni, na hakuna tone. Madamu Solange, kofia kama sinia, alimwinamia Ghislaine. "Lile hema, Madamu, lingekuwa limetulia sana pale."

"Haitanyesha."

"Una hakika?"

"Mpaka jioni nina hakika. Jioni kila mtu na lake."

Maude akaja akiwa ameshikana mkono na baba yake, na Normand, kavaa soksi zote mbili, hakutazama chini hata mara moja, alitazama juu. Mambo yakaenda vizuri. Mfungishaji ndoa akasoma yake. Halafu akafanya kosa. Akauliza kama kuna mwanafamilia mwenye neno fupi.

Akasimama Gontran, mjomba wa bwana arusi, mthibitisha hati za ardhi, akatoa miwani. Akaanza na babu yao wa kwanza aliyeteremka kutoka Ufaransa. Akaeleza meli ilivyokuwa. Akaingia kwenye kiwanja cha kwanza, mipaka yake kaskazini, mipaka yake kusini. Normand, aliyekwisha kukaa, alijua tangu neno la kwanza kwamba huyu amekaa ofisini maisha yake yote.

"Saa hizi wanakula au wamemaliza?" Ghislaine akamnong'oneza.

"Nani?"

"Ng'ombe!"

"Jua halionekani, nitajuaje? Kwa tumbo langu, wanaita."

Gontran alikuwa anaingia kwenye mtoto wa nne wa babu. Upepo ukainua vitambaa vya meza. Ghislaine akakaza meno, akajishika kiti, akashindwa. Akasimama wima mbele ya wote.

"Ng'ombe wanakamuliwa!"

Gontran alibaki mdomo wazi katikati ya mwaka aliokuwa anautaja.

"Mwenzangu," Solange akasema, "unaumwa?"

"Anakamua! Léo-Paul anakamua! Maude, mwanangu, sema ndiyo! Na wewe kijana, usinitazame mimi, mtazame yeye! Semeni!"

Maude alimjua mama yake. Hakuuliza. "Ndiyo," akasema. Bwana arusi, ambaye alianza kuogopa ukoo anaoingia, akasema ndiyo mara mbili ili isije ikahesabika moja. Mfungishaji akasema kwa haraka maneno yake, wakabusiana, na walipokuwa bado wamebusiana tone la kwanza lilianguka kwenye kofia ya Solange, tap, kama mtu abishaye hodi. La pili. Halafu mbingu nzima ikaachia.

Watu walikimbia ghalani wakiwa wamejifunika viti. Keki ilibebwa na wanaume wanne kama maiti ya mkubwa. Solange kasimama katikati ya uwanja, kofia imelala mabegani. "Nilisema hema! Nilisema!"

"Imefanya kazi mpaka kwenye ndiyo!" Ghislaine akapiga kelele juu ya mvua, nywele za mawimbi zimemwagika usoni, anacheka. "Kuanzia hapa ni ya mahindi!"

"Mahindi gani?"

"Ya Léo-Paul!"

"Léo-Paul ni nani?"

"Njoo ndani nikusimulie, mkwe, utapata homa!" Akamkamata mkono, wakakimbia pamoja, wakiteleza.

Normand peke yake alibaki uwanjani. Maji yalimwingia kwenye kola yakatokea miguuni. Alimwona akilini yule mzee kasimama katikati ya mahindi yake, kofia mkononi, kainua uso, mvua ikimpiga mdomoni. Anafurahi, bila shaka. Analowa mpaka mifupa, na hapo nyumbani hakuna mtu wa kumpigia kelele aingie ndani.

"Normand!" Ghislaine alikuwa mlangoni mwa ghala, mikono kiunoni. "We mjinga! Ingia ndani utakufa!"

Alimsikia vizuri sana. Akakaa pale pale kidogo, apigiwe kelele mara nyingine.